Chai ya Eastleigh Haina Risiti

Kuna tangazo limebandikwa mlangoni mwa kituo chetu cha vijana tangu wiki iliyopita. Juu ni Kiingereza, chini ni Kiswahili cha kutafsiriwa haraka haraka. Linasema kuanzia sasa kijana yeyote anayepelekwa Nairobi kwa semina hatapewa tena pesa ya chakula mkononi. Atakula asubuhi, mchana na jioni pale pale semina inapofanyika, na kipindi cha mwisho kikiisha atabaki ndani ya geti mpaka kesho yake. Sababu imetajwa: kundi lililopita lilirudi bila risiti, na pesa "ilitumika kwa vitu visivyo vya lazima".

Kundi lililopita ni sisi. Tulikuwa kumi na mmoja na mimi ndiye niliyewaongoza, kwa hiyo naomba kurasa za jarida letu nijibu. Safari nyingine iko mwezi wa nane, majina ya vijana tisa yameshaandikwa, na mimi nikinyamaza hao tisa watakaa Nairobi siku tano bila kuiona Nairobi.

Kwanza niseme hivyo vitu visivyo vya lazima vilikuwa nini, manake wengi wanaobishana kuhusu safari yetu hawajui hata tulikula nini.

Siku ya kwanza tulikula chapati na madondo. Nje ya geti, ukivuka barabara, kuna kibanda cha mabati chenye benchi tatu. Mama wa pale anapikia makaa na hana muda na mtu asiyejua anachotaka. Akamgeukia dogo mmoja wetu, wa miaka kumi na tisa, akamuuliza, "Utakula nini?" Dogo akaniangalia mimi. Nikamwambia, ni wewe unaulizwa. Akauliza kuna nini. Mama akataja bila kupumua: chapo, madondo, ndengu, kamande, githeri, sukuma, matumbo, chai. Dogo akaagiza ndengu. Akabadilisha akasema madondo. Akabadilisha tena, mpaka wafanyakazi wa mjengo waliokuwa nyuma yetu wakaanza kupiga kelele, kijana amua bwana, tunarudi kazini! Mwishowe akala vyote viwili kwenye sahani moja, na chai ya maziwa juu yake. Ilikuwa shilingi 130. Pesa yetu ya chakula ilikuwa 700 kwa siku.

Siku ya pili, semina ilipoisha saa kumi, tulipanda matatu namba 9 tukaenda Eastleigh. Hapo nitakaa kidogo, nivumilieni.

Ukiingia hoteli ya Wasomali pale, kabla hujakaa vizuri kikombe kiko mbele yako. Wao wanaita shaah. Majani yamechemshwa pamoja na maziwa, iliki, mdalasini, karafuu na sukari ambayo hupimiwi na mtu. Ukitaka sambusa, iko. Ukitaka anjera ya asubuhi saa kumi na moja jioni, watakushangaa lakini watatafuta. Tulikuwa na msichana mmoja Msomali kwenye kundi, amezaliwa hapa Kakuma, hajawahi kuiona Somalia wala Eastleigh. Alikaa kimya nusu saa nzima akisikiliza meza za pembeni. Halafu akatuongoza duka la halua kama mtu aliyewahi kuishi mtaa ule. Halua iko kwenye sinia, nyeusi nyekundu, inang'aa samli, unakatiwa kwa kisu na unapimiwa kwenye mizani. Alituelezea jinsi inavyopikwa: wanga, sukari, samli, iliki na kungumanga, na mtu mmoja mwenye mikono ya nguvu anayekoroga sufuria bila kuacha, manake ukiacha tu inashika chini. Muuzaji alimsikia. Akamkatia kipande cha kuonja, halafu kingine, akamuuliza ukoo wake. Hapo tulipoteza dakika arobaini, manake mkianza ukoo na Wasomali hamtoki.

Njiani kurudi tukakuta mtu anauza kaimati, zile duara ndogo za unga zilizokaangwa na kumwagiwa shira. Kijana wetu wa Sudan akasimama katikati ya barabara. "Hizi ni za kwetu!" Akasema kwao zinaitwa ligemat na bibi yake alikuwa anazipika na chai ya jioni. Msichana wa Kisomali akasema za kwetu pia. Muuzaji, mtu wa Mombasa, akasema nyote mmekosea, hizi ni za pwani, za mwezi wa Ramadhani. Ukweli ni kwamba Waarabu wa Ghuba nao wanazo, wanaita luqaimat, na majina yote hayo ni jina moja lililotembea. Tulizila tumesimama, shira inatiririka mpaka kwenye viwiko. Mia moja kwa bakuli, watu watatu. Andika hiyo kwenye fomu.

Siku ya tatu ilikuwa buna kwa dada mmoja Mwethiopia. Huyo sitamweleza sana kwa sababu hapa Kakuma 1, soko la Waethiopia, buna ipo na wengi wenu mnaijua: jebena, ubani, bisi kwenye sahani, vikombe vya raundi tatu, abol, tona na baraka, na ukiondoka baada ya raundi ya kwanza umemtukana mwenyeji. Siku ya nne tulienda Kayole kutafuta sombe. Mimi ni mtu wa Kivu, na hilo naliandika bila kuona haya: ndiyo, niliwaburuza watu kumi matatu mbili kwa ajili ya majani ya muhogo. Mama aliyetupikia aliposikia dogo anaomba pilipili akamuuliza, "Weye unatokeaka wapi, mutoto yangu?" Dogo ameishi Kenya tangu akiwa na miaka mitano. Hapa kambini anaongea Kiswahili cha shule na sheng, na wenzake wanamcheka kile cha nyumbani kikimponyoka. Siku ile alijibu kwa kile cha nyumbani, kirefu, mbele ya watu wote. Sombe ilikuwa na mawese ya kweli na ndagala, bugali ya muhogo ikaja pembeni imeviringwa kama kichwa cha mtoto. Hatukuongea mpaka sahani zikaisha.

Nimesahau njugu. Karibu na Tom Mboya Street kuna vijana wa Burundi wanaotembeza njugu za kukaanga na yai la kuchemsha. Mrundi wetu alimsalimia mmoja kwa Kirundi, akaongezewa vijiko viwili bure. Basi. Hivyo ndivyo vitu visivyo vya lazima.

Sasa risiti. Watu wa ofisini, ndugu zangu, nawaheshimu na najua na ninyi mna mabosi wenu na mabosi wenu wana wafadhili wao. Lakini mmewahi kukaa kwenye kibanda mkaomba risiti? Mama anakoroga ndengu kwa mkono mmoja, mkono mwingine anatoa chenji. Mwenye njugu anatembea, ofisi yake ni ndoo. Mnasema tungelipa kwa M-Pesa tukabaki na meseji. Nusu ya kundi langu bado wanahangaika kusajili laini kwa karatasi zao, na hilo ninyi mnalijua kuliko mimi, manake mlishaandikia ripoti. Kwa hiyo risiti ambayo ofisi inaikubali inatoka sehemu ya aina moja tu: hoteli kubwa yenye mashine. Nami nilienda kaunta ya pale tulipofanyia semina nikauliza mtu mmoja analipiwa kiasi gani kwa chakula cha mchana. Wakaniambia 1,400. Chakula kimoja. Wali mkavu, kuku wa rangi ya karatasi, kipande cha tikiti, na dada aliyevaa glavu anakupimia nyama kama ya mgao. Ni mara mbili ya pesa tuliyokula siku nzima tukashiba na kubakiza nauli. Lakini ina risiti, kwa hiyo hiyo ndiyo inaitwa matumizi mazuri. Mimi hesabu yangu ya kidato cha nne inakataa.

Na tusijifanye jambo hili ni la risiti peke yake. Mnakumbuka ile karatasi ya mafunzo ya pesa, wote tumeijaza angalau mara mbili. Imegawanywa safu mbili, mahitaji na matamanio. Unga, mafuta, sabuni, kuni, hizo ni mahitaji. Soda, peremende, chai ya hotelini, hizo ni matamanio, na mwezeshaji anawauliza vijana, je, mnaona mnavyoweza kuweka akiba? Nimeshika karatasi hiyo mimi mwenyewe mbele ya vijana kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nimeona jinsi wanavyoijaza: haraka, bila kufikiri, wanaandika kile ambacho mwenye karatasi anataka kusoma. Halafu kikao kinaisha na mwezeshaji anaingia kwenye gari, na kwenye dashibodi kuna kikombe cha kahawa chenye kifuniko. Simlaumu kwa kahawa yake. Kahawa yake iko safu gani?

Kwenye vitabu vya misaada kuna namba 2,100. Ni kilokalori ambazo mtu mmoja hupangiwa kwa siku wakati wa dharura. Sina ugomvi na namba hiyo. Miaka hii tungefurahi kuifikia, mgao umekatwa mpaka kila nyumba hapa ina hesabu yake ya siku za kulala bila kupika. Lakini Kakuma ilifunguliwa 1992. Dharura gani inazidi miaka thelathini? Watu wamezaliwa ndani yake, wamesoma, wamepata KCSE, wamezaa. Mtu akiishi ndani ya dharura muda huo wote, wanaompangia wanasahau kwamba ana ulimi. Halafu siku moja anapewa shilingi 700 na jiji zima, anakula kaimati, na watu wanashtuka kana kwamba ameiba.

Wazee wetu nao wana neno, na neno lao ni zito kuliko la ofisi. Baada ya tangazo, mzee mmoja wa bloku yetu aliniita nje akaniambia: mwanangu, nyinyi mlikuwa mnakula halua na hapa wadogo zenu wanakunywa uji wa chumvi. Sikumjibu hapo hapo, mzee hajibiwi hivyo. Nitamjibu hapa kwa adabu. Mzee wangu, pesa ile ilikuwa ya tumbo la siku tano Nairobi, na tungekula au tusingekula isingefika kwenye sufuria ya mtu Kakuma. Tangazo jipya halileti hata shilingi moja huku, linaipeleka kwenye hoteli yenye mashine ya risiti. Na kama unataka kujua, yule msichana wa halua alikunywa chai kavu siku mbili ili abebe robo kilo kwa mama yake. Aliibeba usiku kucha kutoka Nairobi, Eldoret, Kitale, Lodwar mpaka hapa, ndani ya begi la vitabu, na samli ikachafua cheti chake cha semina. Mama yake ameniambia hakuwa ameonja halua ya kupimwa tangu aondoke Kismayo. Hiyo nayo imehesabiwa kama pesa isiyo na maelezo.

Kuna afisa mmoja, mtu mzuri, alinivuta pembeni kunisaidia. Akasema, wewe andika tu kwamba ilikuwa ziara ya mafunzo ya ujasiriamali. Andika vijana walijifunza usimamizi wa biashara ndogo za chakula. Nitapitisha. Nilimshukuru, na ningeweza kuandika bila kudanganya sana. Mwaka 2018 IFC, ile ya Benki ya Dunia, ilitoa utafiti wake kuhusu Kakuma kama soko, ikakuta biashara zaidi ya 2,000 hapa. Hoteli na vibanda vya chai ni sehemu yake na kila kijana angependa kimoja. Dogo alihesabu chapati ngapi mama wa kibanda anauza kwa saa, sikumtuma. Lakini nilikataa kuandika, na nitaeleza kwa nini. Nikiandika hivyo, nimekubali kwamba mkimbizi anaruhusiwa kula kitu kitamu akiwa anajifunza tu. Mtalii akila sambusa Eastleigh, amekula sambusa. Mfanyakazi wa shirika akienda Diamond Plaza Jumamosi na wenzake, wamekwenda kula. Sisi lazima tuwe tumejengewa uwezo. Hapana. Tulikwenda kula na kunywa chai kwa sababu tulikuwa Nairobi, tuna njaa, tuna pesa ya chakula, na jioni ilikuwa nzuri. Hilo nataka liandikwe hivyo hivyo.

Halafu kuna geti. Ofisi inasema ni kwa usalama wetu, na hapo siwezi kucheka. Wote tunajua historia. Desemba 2012 serikali ilitaka wakimbizi wote wa mijini warudishwe kambini. Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo baada ya Kituo Cha Sheria na wakimbizi wenyewe kushtaki. Machi 2014 ikaja amri nyingine, na Aprili operesheni ya Usalama Watch, watu wakakamatwa Eastleigh kwa maelfu na wengine kupelekwa uwanja wa Kasarani. Kaka yangu mkubwa wa mtaani alikuwa mmoja wao, mpaka leo akiona lori la polisi anabadilisha njia. Kwa hiyo najua. Lakini vijana wangu walikuwa na pasi ya kusafiri, imepigwa muhuri, tarehe bado. Tulisimamishwa mara moja, karibu na kituo cha matatu. Nikaonyesha karatasi kumi na moja, askari akazisoma zote polepole, akarudisha, tukaenda zetu. Ruhusa ya kuwa Nairobi ilitolewa na serikali. Ofisi ndiyo inayotaka kuipunguza iwe ruhusa ya kuwa ndani ya ukuta mmoja.

Na ni ofisi hiyo hiyo inayotuitia mikutano ya kutueleza Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, kwamba kambi zitageuka makazi ya watu wote na tutaishi pamoja na wenyeji. Tunapewa fulana. Tunaandika "kujumuika" kwenye bango kubwa kwa kalamu za rangi. Mahali ambapo nimeona kujumuika kwa macho yangu ni kwenye lile benchi la madondo, kati ya mtu wa mjengo kutoka Machakos na dogo wa Kivu, wanagombea chumvi. Pale Eastleigh penyewe ni watu waliokimbia 1991 waliogeuza vyumba vya Garissa Lodge kuwa maduka, na leo nusu ya Nairobi inaenda kununua nguo pale na kunywa chai yao. Hakuna aliyewawekea semina ya kujumuika. Walifungua mlango, wakabandika sufuria.

Sitaki mnisome vibaya. Sisemi Nairobi ni peponi. Nairobi kuna hoteli tulifukuzwa kwa macho kabla hatujaagiza, na kuna chai moja ya tangawizi niliyonyweshwa River Road ambayo hata adui yangu simtakii. Wala sisemi hesabu isiwepo. Pesa ya watu iwe na hesabu, mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nawakumbusha kila jioni.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki, na nitakisema tena kwenye kikao cha Jumatano, saa nne, chini ya mti wa kituo, na vijana wote tisa waje. Pesa ya chakula irudi mkononi, hizo hizo 700. Badala ya risiti ya mashine, ofisi ikubali daftari: tarehe, mahali, umekula nini, kiasi gani, sahihi yako na ya kiongozi. Geti liwe wazi mpaka saa mbili usiku kwa mwenye pasi. Na Jumamosi semina iishe saa sita, manake Jumamosi mchana Eastleigh ndiyo Eastleigh.

Daftari la safari yetu ninalo. Ni la kurasa tisini na sita, tulijaza nne. Kila mtu ameandika kwa mkono wake, wengine kwa Kiswahili, wengine Kisomali, Mrundi ameandika bei ya njugu akaweka mshale kwenye zile za bure. Ukurasa wa tatu una doa la shira. Jumatano nitaliweka mezani, na anayetaka kuulizia shilingi yoyote ndani yake amuulize aliyeiandika, atakuwa amekaa pale mbele yake.